Pipi isiyo na sukari na tumbo lisilotulia

(Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosikika redioni. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Leo nataka tuzungumze habari ya tumbo. Najua wengine wenu mko mezani, kwa hiyo nawaomba radhi mapema. Lakini jambo lenyewe linawagusa watu wengi wa jiji hili, na wengi wao wanalificha kwa aibu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi afadhali tuliseme.

Karibu na Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, kuna kijiwe cha kahawa ambacho nimekuwa nikikipitia jioni kwa miaka mingi. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, hakosi pale. Kahawa yake ni chungu kama ya wenzake wote, lakini zamani kila kikombe kilikuwa na kipande chake cha kashata. Alipopimwa akaonekana ana kisukari, daktari alimwambia aache kashata, haluwa, soda na chai ya sukari, apunguze wali na ugali, na ameze vidonge vya metformini kila siku. Mzee alitii. Akabaki na kahawa chungu isiyo na mwenzake.

Mjukuu wake, kwa huruma, akamletea pakiti ya pipi kutoka duka moja la katikati ya mji. Juu ya pakiti pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina sukari. Mzee akafurahi kama mtoto siku ya Idi. Tangu hapo mfuko wa kanzu yake haukukosa pipi. Akinywa kahawa, pipi. Akingoja wateja, pipi. Akitoka kuswali, pipi. Pakiti moja ilikuwa inaisha kwa siku, na alikula kwa moyo mweupe kwa sababu aliamini kwamba hakuwa amevunja amri ya daktari.

Baada ya siku chache tumbo likaanza kuunguruma, likajaa gesi, na mwishowe akawa anaharisha mara nne au tano kwa siku. Ndugu msikilizaji, mtu mwenye duka Kariakoo hawezi kuwaacha wateja kila saa akaenda kutafuta choo cha kulipia. Akasema moyoni, hii ni metformini. Hospitali alikuwa ameambiwa kwamba dawa hiyo huweza kuvuruga tumbo. Akaiacha. Tumbo halikutulia. Akasema basi ni taifodi. Akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya kuua bakteria bila kupimwa. Tumbo halikutulia. Alipokuja kupima sukari majuma mawili baadaye, ilikuwa imepanda kuliko siku ile ya kwanza alipoambiwa kwamba ni mgonjwa.

Nilimkuta jioni moja ameketi hana raha. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akanisimulia mkasa wake wote, na huku anasimulia akatia mkono mfukoni akanikirimu pipi. Nikaigeuza pakiti nikasoma upande wa nyuma, pale penye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Uzito wa pakiti ulikuwa gramu 40, na karibu zote zilikuwa ni kitu kinachoitwa sorbitoli. Chini kabisa, kwa Kiingereza, palikuwa na onyo kwamba anayekula kwa wingi anaweza kuharisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii kilikuwa kwenye mfuko wa kanzu. Mzee ameniruhusu kuwasimulieni, mradi nisimtaje jina.

Sasa, sorbitoli ni kitu gani? Ni mmoja wa ukoo mkubwa wa vitu vyenye utamu ambavyo si sukari hasa, lakini ni ndugu wa sukari. Wataalamu huviita kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema alkoholi za sukari, au poliyoli. Ndugu wengine wa ukoo huo ni manitoli, maltitoli, zailitoli, laktitoli, isomalti na erithritoli. Utavikuta katika pipi, chingamu, chokoleti, biskuti, jemu na aiskrimu zinazouzwa kwa ajili ya watu wa kisukari na watu wanaopunguza unene. Utavikuta pia katika dawa nyingi za maji, zikiwemo za kikohozi na za watoto, na katika dawa za mswaki.

Hapa najua kuna msikilizaji ameshtuka. Alkoholi? Je, ni pombe? La hasha. Hili nalo lielezwe vizuri, maana nimekutana na watu walioitupa pakiti nzima jalalani kwa sababu ya neno hilo. Kwa mwanakemia, alkoholi ni jina la kundi zima la vitu ambavyo umbo lake linafanana mahali fulani, pale ambapo oksijeni na haidrojeni zimeshikana kwa namna moja. Kilichomo katika bia na konyagi ni mmoja tu wa kundi hilo, kinaitwa ethanoli. Gliserini, ambayo kina mama wanaijua kwa kulainisha ngozi, nayo kwa kemia ni alkoholi, na hatujasikia mtu aliyelewa kwa kujipaka gliserini. Sorbitoli na wenzake hawalewshi hata kidogo. Neno lenyewe alkoholi lina asili ya Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, ule ule wa kupaka machoni. Wazungu walilichukua neno kwa maana ya unga laini, wakalihamishia kwenye kitu chochote kilichosafishwa sana, na mwisho likaangukia kwenye pombe. Hukumu ya dini waulizeni masheikh. Kwa upande wa sayansi, jibu ni kwamba pipi hizi si kileo.

Wala si vitu vigeni kwa maumbile. Mwaka 1872 mwanakemia wa Ufaransa, Jean-Baptiste Boussingault, aliipata sorbitoli katika matunda ya mti wa huko Ulaya uitwao kitaalamu Sorbus, na ndiko jina lilikotoka. Imo katika matofaa, mapeasi, pichi na plamu. Kwa hiyo yale matunda mazuri yanayoteremshwa Dar es Salaam kutoka Lushoto yana sorbitoli yake ya asili. Uyoga na koliflawa vina manitoli. Viwandani, hata hivyo, hawangoji matunda. Huchukua wanga, kwa mfano wa mahindi, wakauvunja kuwa glukosi, kisha glukosi hiyo wakaitia haidrojeni. Glukosi iliyoongezwa haidrojeni ndiyo sorbitoli. Zailitoli nayo hutokana na miti au magunzi ya mahindi.

Faida zipo, tusivikashifu vitu hivi bure. Kwanza, bakteria wa mdomoni hawawezi kuvitumia vizuri kutengeneza asidi inayotoboa meno. Katika mji wa Turku, huko Finland, watafiti walilithibitisha jambo hili miaka ya 1970 kwa zailitoli, na ndiyo maana chingamu nyingi leo zina zailitoli. Pili, gramu moja ya sukari ya kawaida ina kalori 4, lakini gramu ya vitu hivi kwa wastani ina kalori kama 2 na nusu. Tatu, vingi kati yake havipandishi sukari ya damu kwa kasi kama sukari ya mezani. Hapo ndipo mgonjwa wa kisukari anapopata matumaini, na matumaini hayo yana msingi.

Lakini je, kwa nini havipandishi sukari kwa kasi? Jibu la swali hili ndilo ufunguo wa mazungumzo yetu ya leo. Havipandishi kwa sababu utumbo mwembamba hauwezi kuvinyonya vyote. Sukari ya kawaida ukiila, utumbo huivunja na kuipokea yote, ikaingia katika damu. Sorbitoli hupokewa kidogo kidogo, na sehemu kubwa hubaki ndani ya utumbo ikiendelea na safari. Kwa maneno mengine, faida na hasara vimetoka mlango mmoja. Kile ambacho hakikuingia katika damu hakikuyeyuka kama moshi. Kimebaki tumboni, na tumboni kitafanya kazi yake.

Kazi ya kwanza ni kuvuta maji. Kila mtu aliyewahi kutengeneza kachumbari anajua kwamba ukikata vitunguu ukavitia chumvi na kuviacha kwa muda, utakuta maji yamejaa bakuli. Hukumwaga maji pale, bali chumvi imeyavuta kutoka ndani ya vitunguu. Sorbitoli iliyobaki ndani ya utumbo hufanya vivyo hivyo. Huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza katika utumbo. Maji yakizidi, choo kinakuwa chepesi, na yakizidi zaidi mtu anaharisha. Hospitali hutumia tabia hiyo hiyo kama tiba. Mgonjwa asiyepata choo huweza kupewa sorbitoli, au dawa nyingine inayofanya kazi kwa njia hiyo iitwayo laktulosi. Mzee wetu basi alikuwa anakula dawa ya kuharisha kutwa nzima akidhani anakula pipi.

Kazi ya pili ni gesi. Kilichopita utumbo mwembamba hufika katika utumbo mpana, ambako wanaishi bakteria wengi mno. Hao hawakatai chakula. Wanakichachusha, kama hamira inavyochachusha donge la maandazi, na donge linavyoumuka ndivyo tumbo linavyojaa. Mngurumo, msokoto na upepo unaomwaibisha mtu katika daladala iliyojaa, vyote vinatoka hapo. Hakuna kidudu cha ugonjwa kilichoingia. Hao ni wakazi wa siku zote wa tumbo, wamepelekewa karamu ambayo hawakuizoea.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana dawa na sumu hutofautiana kwa kipimo. Kwa watu wengi, sorbitoli ya gramu 5 hadi 20 kwa siku inatosha kuleta gesi na msokoto. Ikizidi gramu 20, wengi huharisha. Wapo wanaovumilia zaidi na wapo wanaosumbuliwa na kidogo sana. Mtoto mwenye mwili mdogo hufikia kipimo hicho upesi kuliko mtu mzima. Sasa piga hesabu za mzee wetu. Pakiti ya gramu 40, karibu yote sorbitoli, kila siku ya Mungu. Ingekuwa ajabu kama asingeharisha.

Wala si mzee wa Kariakoo peke yake aliyepatwa na mkasa huu. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya Charité, mjini Berlin, Ujerumani, waliandika habari za wagonjwa wawili katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka 21 aliyeharisha kwa miezi minane na kupungua kilo 11. Wa pili alikuwa mwanamume wa miaka 46 aliyepungua kilo 22. Walichunguzwa kwa vipimo vya kila namna, na ugonjwa haukuonekana. Mwishowe wakaulizwa wanakula nini. Yule mwanamke alikuwa akitafuna chingamu zisizo na sukari kutwa nzima, akiingiza tumboni gramu 18 hadi 20 za sorbitoli kwa siku. Yule mwanamume alikuwa na chingamu zake 20 pamoja na pipi, jumla gramu 30 hivi. Walipoacha, kuharisha kukakoma na uzito ukaanza kurudi. Swali moja la nini unakula lilifanya kazi ambayo mashine zilishindwa kuifanya.

Ndugu zangu, si wote katika ukoo huu wana tabia moja. Erithritoli ni mpole zaidi kwa tumbo, kwa sababu sehemu yake kubwa hupokewa na utumbo mwembamba, ikapita katika damu na kutoka kwa mkojo bila kubadilika. Hata hivyo, mwaka 2023 watafiti wa Cleveland, Marekani, walieleza kwamba watu wenye erithritoli nyingi katika damu walipata shambulio la moyo na kiharusi zaidi ya wengine, na mwaka uliofuata wakasema hivyo hivyo kuhusu zailitoli. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kitu hicho ndicho kilicholeta ugonjwa, kwani erithritoli nyingine mwili hujitengenezea wenyewe. Lakini unatosha kumwonya mtu asiile kwa vikombe akidhani ni maji.

Maltitoli, ambayo hupendwa sana katika chokoleti na biskuti kwa kuwa utamu wake unakaribia sana wa sukari, ina hila nyingine. Huipandisha sukari ya damu karibu nusu ya vile sukari ya mezani inavyoipandisha. Nusu si sifuri. Tena biskuti isiyo na sukari bado imetengenezwa kwa unga wa ngano, na unga wa ngano tumboni hugeuka glukosi. Anayekula pakiti nzima kwa kuamini maneno ya mbele ya boksi anajidanganya.

Aidha, tusichanganye ukoo huu na vile vidonge vidogo vya kutia katika chai, kama sakarini, aspatemu au sukralosi. Hivyo utamu wake ni mkali mno, kwa hiyo hutumika kwa kiasi kidogo sana, na havivuti maji tumboni kama sorbitoli. Stivia nayo ni jani lenye utamu mkali. Lakini angalieni, unga mwingi unaouzwa kwa jina la stivia umechanganywa na erithritoli ili upate ujazo wa kijiko. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari ili kupunguza unene. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, wala haukuzigusa alkoholi za sukari. Kwa hiyo anayeutaja ushauri ule ili kuzisifu au kuzilaumu pipi za mzee wetu hakuusoma.

Kwa nini nayasema haya leo na hapa? Kwa sababu jiji letu limebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha wakazi wa Ilala, humu humu Dar es Salaam, na wakazi wa kijijini mkoani Kilimanjaro. Kijijini, wenye kisukari walikuwa chini ya 2 katika kila watu wazima 100. Ilala walikaribia 6. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika watu 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, tisa walikuwa nacho. Tunakaa zaidi, tunatembea kidogo zaidi, na soda imekuwa maji. Hivyo watu wanaoambiwa na daktari wabadili chakula ni wengi, na wengine wengi wameamua wenyewe kuacha wanga na sukari ili wapungue. Biashara haikulala. Bidhaa zisizo na sukari zimejaa madukani, zingine zimeandikwa Kiingereza, zingine Kiarabu, Kituruki au Kichina. Mnunuzi husoma maneno makubwa ya mbele, kama anayasoma.

Wapo pia wenye tumbo jepesi kwa asili, wanaosumbuliwa na gesi na msokoto miaka nenda miaka rudi bila kidonda wala minyoo. Kwa watu hawa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wametengeneza utaratibu maalumu wa chakula, na katika orodha ya vitu vya kupunguzwa kwa muda, alkoholi za sukari zimo. Mtu wa namna hii akipata na kisukari juu yake, akakimbilia pipi za kisukari, ametoka kwenye moshi akaingia motoni.

Kutoka katika mkasa wa mzee wetu nayaona makosa mawili, nami nitaongeza la tatu ambalo ni kubwa kuliko yote.

Kosa la kwanza ni kuacha dawa kimya kimya. Ni kweli metformini huweza kuleta gesi na kuharisha, hasa mwanzoni. Kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuisingizia. Lakini daktari anazo njia. Anaweza kukuambia uimeze pamoja na chakula, akapunguza kipimo kisha akapandisha polepole, au akakupa ya aina inayoyeyuka taratibu. Anayeiacha bila kusema hampi daktari nafasi ya kufanya lolote, na sukari inapanda gizani ikiharibu macho, figo na mishipa ya miguu.

Kosa la pili ni kukimbilia vidonge vya kuua bakteria. Jiji hili linaijua kipindupindu na linaijua taifodi, na hofu yetu ina sababu. Lakini si kila kuharisha ni vijidudu. Dawa hizo zikimezwa ovyo haziwezi kuitoa sorbitoli tumboni. Kazi zinayofanya ni kuua bakteria wema wa tumbo na kuwafundisha wabaya ukaidi, hata siku zitakapohitajika kweli hazitafaa kitu.

Kosa la tatu ni hili, na naomba msikilizaji mwenye mgonjwa nyumbani aliandike. Mtu wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, huweza siku moja kushukiwa na sukari. Anatetemeka, anatoka jasho jembamba, moyo unamwenda mbio, maneno yanampotea. Wakati huo anahitaji sukari ya kweli na ya haraka. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, na umpime tena baada ya dakika 15. Pipi isiyo na sukari haitamsaidia. Kile kinachoifanya ifae siku za kawaida ndicho kinachoifanya isifae saa ile. Familia iliyobadilisha pipi zote za nyumbani kuwa zisizo na sukari haina budi kuweka sukari ya kawaida mahali panapojulikana na kila mtu. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Basi tufanyeje? Ushauri wangu ni wa kawaida tu. Kabla ya kulipa, geuza pakiti. Tafuta majina niliyoyataja, ambayo kwa Kiingereza mengi huishia kwa herufi o na l. Kama lugha ni ngeni, tafuta namba, kwa sababu namba hazina lugha. E 420 ni sorbitoli, E 421 manitoli, E 953 isomalti, E 965 maltitoli, E 966 laktitoli, E 967 zailitoli, na E 968 erithritoli. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chakula kilichotiwa vitu hivi zaidi ya asilimia 10 ni lazima kiandikwe onyo la kuharisha. Kwetu, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mnunuzi akikuta pakiti isiyosomeka kwa lugha anayoijua, isiyo na tarehe wala jina la mtengenezaji, anayo haki ya kuiacha pale pale juu ya meza.

Ukishanunua, anza na kidogo. Pipi moja au mbili baada ya chakula, si pakiti. Tumbo likilalamika, simamisha pipi, chingamu na biskuti hizo zote kwa muda wa juma moja huku dawa zako ukiendelea nazo kama ulivyoandikiwa. Likitulia, umempata mwizi. Lisipotulia, mwone daktari, nawe utakuwa na habari ya maana ya kumweleza. Kama kuna damu, homa, kutapika, maji mengi kama ya mchele, au mgonjwa ni mtoto mdogo au mzee aliyelegea, usingoje juma wala siku. Nenda hospitali mara moja. Tena ukienda kliniki ya kisukari, chukua pakiti ya kitu unachokula kama unavyochukua kijitabu chako cha vidonge. Mtajie na dawa za maji unazotumia. Usione haya.

Na tukumbuke kwamba njia ya uhakika kuliko zote ni kuuzoesha ulimi utamu mdogo. Ulimi hufundishika. Aliyekuwa akitia vijiko vinne katika chai akapunguza kimoja kila mwezi, baada ya miezi minne hunywa chai bila kukumbuka sukari. Zaidi ya hayo, pipi hizi ni ghali kuliko za kawaida. Anayezinunua kila siku anatumia fedha ambazo zingempatia mchicha, dagaa, maharage na nauli ya kliniki.

Mzee wetu aliziacha pipi jioni ile ile. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limetulia. Alirudi kliniki, akaungama kila kitu mbele ya daktari, akarudishiwa metformini yake, sasa aimeze katikati ya chakula. Juzi nilipopita kijiweni nilimkuta na kahawa yake chungu, na karanga chache za kukaanga katika karatasi. Nikamuuliza, "Mzee, pipi vipi?" Akacheka. Akasema, "Mwanangu, pakiti ile iliniambia kisichokuwemo. Mimi sikuuliza kilichomo."

Ndugu msikilizaji, sina la kuongeza juu ya hayo ya mzee. Ukikutana na neno hakuna sukari, uliza kuna nini. Hadi juma lijalo, nawatakia afya njema na tumbo tulivu.